Fraizi inawasha midomo, ni proteini gani?

Jambo bamama, jambo bababa, aksanti kwa kufika na hii mvua ya Bukavu.

Hii sahani ya fraizi nimeitoa asubuhi ku soko ya Nyawera. Mwaka jana mutoto wa dada yangu alikula tano tu, nyuma ya dakika kumi midomo ikavimba, akawa anajikuna ulimi kwa meno, na batu ba mu nyumba bakasema ni dawa ya kupuliza, bengine ni asidi. Mimi nilifikiria kingine juu mara mingi mwili haukatae fraizi nzima, unakataa proteini moja ao mbili za ndani yake.

Namna ya kuikamata njo hii. Unasaga matunda unatoa proteini, na hapo njo kuna kazi kweli, juu fraizi iko na proteini kidogo sana na pektini mingi, ile kitu ya matunda yenye inanata. Nyuma unazipitisha na umeme ndani ya jeli, ndogo zinakimbia mbele, kubwa zinachelewa, unazihamisha ku karatasi nyembamba, unamwanga seromu, maji ya damu ya mugonjwa. Mu seromu muko IgE, askari ba mwili benye banaleta alerzi, na IgE inashika ile tu yenye mwili wake unachukia. Ukiweka dawa ya kuonyesha, mustari moja unatokea, peke yake, mu karatasi yote nyeupe. Mara ya kwanza niliuona nilinyamaza kabisa. Kisha unakata ile kipande ku jeli ingine, mashine ya kupima uzito wa vipande inakupatia jina.

Ya fraizi ile inajulikana sana ni Fra a 1: Fra ni Fragaria, a ni ananassa, jina ya fraizi mu kilatini. Inafanana na proteini ya poleni, vumbi ya maua, ya bulo, muti ya Ulaya, njo maana kule batu bengi banaanza kupiga chafya, nyuma fraizi inabawasha kinywa. Moto unaiharibu. Mu 2006 batafiti ba Uswidi bakaonyesha fraizi nyeupe, zenye batu ba alerzi banazivumilia, karibu hazina Fra a 1.

Lakini kuko Fra a 3, proteini ingine ndogo, kilodaltoni 9 hivi (kipimo ya uzito wa proteini), imefungwa na mafundo ine ya sulfuri, moto haiiweze, tumbo pia haliiweze, na frambwazi iko na ndugu yake Rub i 3. Hizi zinaweza kuleta upele, kutapika, hata kukosa pumuzi.

Dada aliniuliza, basi nimupikie konfitiri? Nikamwambia hapana dada, siyo mbele ya daktari kumupima, konfitiri inaua moja, ingine inabaki nzima. Mutoto hajapimwa bado, na fraizi haziingie kwetu. Hizi za sahani nitawagawia, ila kwanza kila mumoja aniambie kama midomo iliisha kumuwasha.