Mkono Unapasuliwa, Moyo Unapunguza Mwendo

Karibuni tena, naona waliokwenda chai wamerudi. Wakubwa zangu shikamooni. Wanafunzi, sogeeni mbele.

Majeraha ya mkono hapa Kigoma hayaishi. Kamba ya wavu inamkaza mtu vidole pale Kibirizi, panga linateleza kwenye michikichi, jioni yuko mezani kwetu. Wengi tunawapa ketamini, dawa ya usingizi, au tunachoma ganzi kwapani. Leo nasema juu ya njia ambayo ni nadra kuiona: epidura ya shingoni, yaani ganzi inayochomwa ndani ya uti wa mgongo, nje kidogo ya utando unaofunika neva. Pagés, daktari wa Hispania, aliandika habari za epidura mwaka 1921, lakini ya shingoni ina mambo yake.

Neva za mkono hutoka kuanzia pingili ya tano ya shingo hadi ya kwanza ya kifua. Neva za simpathetiki zinazouhimiza moyo hutoka kifua cha kwanza hadi cha nne. Ni majirani wa ukuta mmoja! Dawa uliyoiweka kwa ajili ya vidole inateremka, inazikuta, inazilaza.

Sasa tazama monita. Mgonjwa aliingia na presha 130/80, mapigo 84. Dakika kadhaa baada ya sindano ni 90/55, na mapigo 52. Hapo ndipo wanafunzi hubabaika, maana tumewafundisha kwamba presha ikishuka moyo hukimbia. Mtu aliyetokwa damu nyingi, mapigo yake hupanda. Huyu yanashuka, kwa nini? Vipokezi vya presha vya shingoni na kwenye aota, mshipa mkubwa utokao moyoni, vimeiona presha imeanguka, na taarifa imefika kwenye ubongo. Amri ya kuuharakisha moyo inatoka, ila njia yake imekufa ganzi. Neva ya vegasi, inayopunguza mwendo wa moyo, yenyewe hutoka kwenye shina la ubongo, haikuguswa. Basi inabaki peke yake na usukani.

Kabla monita haijalia, mgonjwa mwenyewe hukwambia: anapiga miayo, anasema kichefuchefu, jasho linamtoka. Usimwambie atulie tu. Inua miguu, mpe oksijeni, fungua dripu. Mapigo yakiwa chini, atropini miligramu 0.5 kwenye mshipa. Presha ikigoma, efedrini miligramu 5 hadi 10. Hali ikizidi, adrenalini, na iwe imeshachanganywa kabla hujashika sindano ya ganzi. Tazama na pumzi pia, kwa kuwa neva ya kiwambo, msuli wa kupumulia, inaanzia shingo ya tatu hadi ya tano.

Msimamo wangu: kwa mkono mmoja, ganzi ya kwapani inatosha. Moyo haiusumbui, mradi dawa isizidi kipimo wala isiingie kwenye mshipa wa damu. Lidokaini, dawa yenyewe ya ganzi, isiyo na adrenalini, ni miligramu 3 kwa kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 ni 180, yaani mililita 9 tu za asilimia 2. Ya shingoni waachieni wenye ujuzi nayo, pale mikono yote miwili imeumia na usingizi kamili haufai.

Mama pale nyuma ameuliza kuhusu mumewe anayemeza atenolo, dawa ya presha. Dawa hiyo nayo hupunguza mapigo, kwa hiyo mtaalamu wa usingizi lazima aambiwe. Asiiache ghafla kwa uamuzi wake, mama; njooni na pakiti yenyewe siku ya kupimwa.