Kwanini atomi zinashikana

Haya vijana karibuni, wa huko nyuma sogeeni mbele viti vipo. Leo ni bondi za kikemia, ila sianzi na ile mliyokaririshwa kwamba kila atomi inataka elektroni nane, maana atomi haitaki kitu, haina akili wala moyo, na ukiizoea hiyo sentensi utakariri mpaka fomu foo na swali likigeuzwa kidogo tu umekwama.

Shika hili moja: atomi zinashikana pale ambapo zikiwa pamoja nishati yake inakuwa ndogo kuliko zikiwa mbalimbali. Basi.

Chukua haidrojeni mbili, kila moja ina protoni 1 na elektroni 1. Zikisogeleana, kiini cha hii kinavuta na elektroni ya ile, elektroni zote mbili zinavutwa na viini viwili kwa wakati mmoja, nishati inashuka. Zikizidi kukaribiana viini navyo vinasukumana maana vyote ni chanya, kwahiyo zinatulia kwenye umbali wa pikomita 74 hivi (pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita). Hiyo ndo bondi ya kovalenti. Wazo la atomi kutumia jozi moja ya elektroni kwa pamoja alilieleza Mmarekani Gilbert Lewis mwaka 1916.

Sasa chumvi, na hapa nitakaa kidogo maana wengi wanapita haraka. Elektroni za sodiamu zimejipanga tabaka kwa tabaka 2:8:1, za klorini 2:8:7, mnajua, sodiamu inatoa moja klorini inapokea. Lakini tupige hesabu jamani. Kuing'oa ile elektroni ya sodiamu kunagharimu kilojuli 496 kwa moli (moli ni kipimo cha idadi ya atomi), klorini ikiipokea inatoa 349 tu, yaani hapo bado ni hasara! Faida inatoka wapi? Inatoka kwenye ayoni zenyewe, yaani atomi zilizotoa au kupokea elektroni, chanya na hasi, zikijipanga na kuvutana pande zote, kila sodiamu imezungukwa na kloraidi (ayoni ya klorini) 6 na kila kloraidi na sodiamu 6, hapo inatoka kama kilojuli 787. Ndo maana kwenye punje ya chumvi, hata ile ya Kunduchi pale Dar es Salaam, hutakuta sodiamu moja na klorini moja zimekaa kivyao, na ndo maana kuiyeyusha kwa moto unahitaji nyuzi 801 za Selsiasi.

Kuna kosa lingine linaniuma sana, mtu anaandika kwenye mtihani eti bondi ikivunjika inatoa nishati. Hapana. Kuvunja ni kulipa, kuunda ndo kunatoa, siku zote. Angalia gesi asilia ya kisiwa cha Songo Songo inayokuja kwa bomba mpaka Ubungo, Dar es Salaam, tangu 2004, karibu yote ni methani, kaboni 1 na haidrojeni 4. Ikiungua, kuvunja bondi za methani moja na oksijeni mbili unalipa takriban kilojuli 2650 kwa moli, halafu zinaundwa bondi mpya za kabonidioksaidi na maji, zinatoa kama 3450. Tofauti yake, 800 hivi, ndo joto linalozungusha mitambo ya umeme.

Na ndo sababu gesi ikichanganyika na hewa haiwaki yenyewe tu, inasubiri cheche. Cheche inalipia zile bondi za kwanza, zikishavunjika zinaundwa mpya, na joto linalotoka hapo linalipia zinazofuata, na moto unaendelea mpaka gesi iishe au ufunge koki.