Namna ya Kula Laksa ya Mchana katika Ukumbi wa Geylang Serai, Singapore

Ndugu mtazamaji, karibu Geylang Serai, mtaa wa Wamalei ulioko mashariki ya Singapore. Chini ya jengo hili kuna soko la samaki, nyama na mboga, na ghorofa ya juu ndiko uliko ukumbi wa vyakula tunaouendea. Kumbi za namna hii zilijengwa kwa wingi kuanzia miaka ya 1970, serikali ilipowaondoa wachuuzi barabarani na kuwapa vibanda vyenye maji ya bomba, na mpaka leo bakuli la laksa, yaani tambi za mchele katika mchuzi wa tui la nazi, hupatikana humo kwa takriban dola 4 hadi 6 za Singapore.

Ukiweza, fika kabla ya saa sita mchana, kwa sababu baada ya hapo wafanyakazi wa ofisini hujaa na viti huadimika. Tafuta meza kwanza, kisha uache juu yake pakiti ndogo ya karatasi za tishu. Wenyeji huita desturi hiyo chope, na wewe pia ukikuta pakiti mezani, hata kama hapana mtu, elewa kwamba meza hiyo ina mwenyewe.

Sasa ingia kwenye foleni ya kibanda cha laksa. Hapa wauzaji wengi ni Waislamu, lakini ukiwa katika ukumbi mwingine, na jambo hilo lina uzito kwako, angalia cheti cha halali kabla ya kuagiza. Shika pesa taslimu mkononi, agiza kwa maneno machache, na uombe sambali iwekwe pembeni. Hiyo ni pilipili iliyosagwa na kukaangwa kwa mafuta.

Unaposubiri, tazama mikono ya mpishi. Huchovya tambi nene za mchele katika maji yanayochemka, huziweka bakulini, huzimwagia mchuzi wa moto, kisha huurudisha mchuzi sufuriani na kuumwaga tena, ili tambi zipate moto mpaka ndani. Mchuzi wenyewe ni tui la nazi lililopikwa na kamba wadogo waliokaushwa, mchaichai, manjano na pilipili, na harufu yake mtu wa pwani yetu ataitambua kabla hajafika kwenye kibanda. Juu yake huwekwa vipande vya tofu iliyokaangwa, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, ambavyo vina matundu kama sifongo, pengine na kombe, na mwisho majani yenye harufu yaitwayo kesum, yaliyokatwakatwa.

Ukishaketi, tafadhali usikoroge. Hii ndiyo hatua ninayokusihi uizingatie kuliko nyingine zote, kwa sababu siku yangu ya kwanza nilichanganya sambali yote kwa mara moja, na bakuli zima likawa ukali mtupu, utamu wa tui nisiuonje kabisa. Anza na kijiko kimoja cha mchuzi peke yake. Kisha bonyeza kipande cha tofu kwa ulimi, uhisi mchuzi ulioingia ndani yake ukitoka. Baada ya hapo chota sambali kiasi cha ncha ya kijiko, ichanganye upande mmoja tu wa bakuli, uonje, na uongeze kidogo kidogo mpaka ufikie kiwango chako.

Pilipili ikikuzidi, usikimbilie maji, kwa kuwa kinachowasha hakiyeyuki katika maji, bali huenea mdomo mzima. Agiza teh tarik, chai ya maziwa ambayo muuzaji huimimina kutoka juu, kikombe hadi kikombe, mpaka ifanye povu. Maziwa ndiyo yanayotuliza.

Ukimaliza, inuka na trei yako. Tangu Septemba 2021 sheria ya kurudisha vyombo katika kumbi hizi inasimamiwa kwa onyo na, kwa anayerudia kosa, faini. Penye rafu mbili, soma maandishi yaliyo juu yake kwanza, maana vyombo vya halali vina rafu yake, na trei ya laksa hii inakwenda huko.