Mpinzani Wetu ni Hewa: Kurekodi Mwezi kwa Darubini na Kamera ya Dijitali

Ndugu zangu, nianze na ombi. Mwezi mpevu uacheni upite. Usiku huo jua linaupiga usoni moja kwa moja, vivuli hakuna, na milima yote inalala bapa. Tegeni siku za nusu ya kwanza, Mwezi unapokuwa umeangazwa nusu kabla ya kuwa mpevu, mrekodi pale giza na mwanga vinapokutana.

Kuunganisha ni kazi ndogo. Toa lenzi ya kamera, funga adapta, na darubini yenyewe inakuwa lenzi. Gawa urefu wake wa fokasi, yaani umbali ambao darubini inahitaji kukusanya mwanga kuwa picha, kwa milimita, kwa 110, utapata upana wa Mwezi ndani ya kamera. Darubini ya milimita 1000 inakupa milimita 9 hivi. Ya 2000 inakupa 18, na kamera nyingi haziwezi kuumeza Mwezi wote kwa kipimo hicho. Mwanga upange mwenyewe. Ukiiachia kamera, inaona weusi wa anga, inaongeza mwanga, na Mwezi unaungua, yaani unabaki mweupe mtupu.

Sasa tufike kwenye kiini. Kuza picha kwenye skrini, utazame ukingo wa Mwezi. Unacheza, unapindapinda kama lami ya barabara mchana wa jua kali. Ni hewa hiyo, ya joto na ya baridi, inapishana juu yetu. Ndiyo maana nawasihi mchukue video badala ya picha moja. Katika dakika 2 za fremu 30 kwa sekunde mna fremu 3600. Nyingi zimeharibika, lakini zipo chache zilizonaswa hewa ilipotulia kidogo, na hakuna jicho wala kidole kinachoweza kuotea nukta hiyo. Programu inazipanga kwa ubora, inabakiza tuseme 360, inazilaza moja juu ya nyingine, na chengachenga za picha zinapungua karibu mara 19. Mimi hapo ndipo huvutiwa kuliko popote: hewa hatuishindi kwa nguvu, tunaivizia.

Tuisaidie programu pia. Ngojeni Mwezi upande juu, kwa sababu ukiwa karibu na upeo wa macho mwanga wake unapita kwenye hewa nene zaidi. Na darubini itolewe nje mapema ipoe.

Jaribuni Copernicus, kasoko (shimo kubwa la mviringo) ya Mwezini yenye upana wa kilomita 93, siku moja na nusu au mbili baada ya nusu ya kwanza. Ukuta wake wa magharibi unawaka huku sakafu bado ni nyeusi tititi. Rudini baada ya saa chache, kivuli kimesogea, na vilele vya katikati vimeanza kushika jua. Rekodini kipande kifupi kila baada ya dakika kadhaa, mviunganishe, nanyi mtakuwa mmerekodi macheo ya Mwezini.

Mwisho kabisa ni kunoa picha, na hapa wengi huzidisha. Ukiona mstari mweupe umezunguka kila kasoko, punguza hadi utoweke.