IDE inaijua kodi (code) yako, haimjui anayekutegemea huko nje

Haya wadau, habari za mchana, karibuni sana, na nyie mliosimama kule nyuma huku mbele kuna viti njooni tu msiogope. Leo naongelea webu sevisi, yaani programu ambazo mifumo mingine inaziuliza kupitia mtandao, kuzitengeneza na kuzipandisha hewani kwa kutumia IDE, ile programu tunayoandikia kodi, na nitatumia NetBeans kwa sababu ndo nayoiona kwenye laptopu nyingi hapa, ila mwenye Eclipse au IntelliJ abaki, mambo ni yaleyale, menyu tu ndo zimekaa tofauti.

NetBeans ilianza kama projekti ya wanafunzi kule Prague mwaka 1996, watu wa umri wenu kabisa, kampuni ya Sun, wenye Java, wakainunua 1999, kampuni ya Oracle nao wakaja kuinunua Sun 2010, halafu 2016 wakaikabidhi kwa taasisi ya Apache. Nawaambia hivi kwa sababu ukigugo mafunzo yake utakutana na ya kila enzi, mengine hayatakubali kabisa kwenye Java uliyonayo. Java 11 ilipotoka 2018 waliiondoa JAX-WS, laibrari ya kutengenezea hizi webu sevisi, isiwemo tena kwenye Java yenyewe, kwa hiyo ukifuata maelekezo ya kabla ya hapo utaona mistari myekundu kila sehemu na utadhani laptopu yako ina matatizo. Haina tatizo, ongeza tu JAX-WS kama dependensi kwenye Maven, kile kifaa kinachokuletea laibrari za projekti, uendelee.

Mfano wetu ni bei ya mahindi soko la Kibaigwa, mkoani Dodoma. Karibu wote mnapita pale mkiwa barabara ya Morogoro, mnayaona malori. Sasa kuna mfanyabiashara yuko Dar ana mfumo wake, anataka mfumo wake uulize mfumo wetu bei ya leo bila yeye kuanza kumpigia dalali. Kwenye NetBeans unabofya kulia kwenye projekti, unachagua webu sevisi mpya, unaipa jina BeiMazao, unaweka methodi moja, yaani kazi moja ya sevisi, inaitwa bei, inapokea soko na tarehe, zote string, yaani maandishi, inarudisha namba. Juu ya klasi, ile kodi ya Java inayobeba methodi, inakaa alama ya @WebService. Unaran, GlassFish, seva inayoibeba sevisi, inaamka kwenye poti 8080, unafungua brauza unaweka anwani unamalizia na ?wsdl, inatoka XML ndefu, maandishi yaliyojaa vitagi. Wengi mkiiona ile XML mnafunga tabo haraka. Naomba leo msifunge, tuisome pamoja pale ukutani.

Ile XML inaitwa WSDL, ni maelezo ya sevisi yako, na ndo mkataba wako na watu usiowajua. Yule wa Dar hajawahi kuiona Java yako na hataiona, anachokiona ni ile XML tu, mfumo wake umejengwa juu yake, majina yake yote kayatoa humo. Na hiyo XML hujaiandika wewe, imetengenezwa kutokana na klasi yako, majina ya methodi, majina ya pakeji (folda za klasi), mpangilio wa vitu kwenye mabano. Hapo ndo nataka tukae leo, maana IDE ina uwezo mkubwa sana wa kubadilisha majina, unabofya unasema badilisha, ndani ya sekunde faili arobaini zimebadilika na kila kitu bado kinakompaili, unajisikia fundi. Ila yule wa Dar hayumo kwenye hizo faili arobaini.

Ngoja niwaonyeshe kwa hizi laptopu mbili. Hii ya kushoto ina sevisi, ya kulia ina klaienti, programu inayoiuliza sevisi. Klaienti anauliza, anajibiwa, safi. Narudi kushoto, naona jina bei ni fupi mno, nalibadilisha liwe bei ya soko, nadiploi tena, yaani naipandisha upya kwenye seva, hakuna kosa hata moja. Klaienti anauliza tena... mnaona eeh? Amerudishiwa folti, ujumbe wa kosa, seva inasema haijaona methodi ya kulipeleka hilo ombi. Hilo angalau linapiga kelele. Hatari zaidi ni hili lingine, angalieni XML inayosafiri: soko linaitwa arg0, tarehe inaitwa arg1. Hayo majina JAX-WS imejiwekea yenyewe kwa sababu hukuyataja. Sasa nikienda kwenye IDE nikabadilisha mpangilio nikaanza na tarehe kisha soko, IDE inanipangia kila sehemu ndani ya projekti yangu, nadiploi, na yule wa Dar anaendelea kutuma arg0 yenye neno Kibaigwa, mimi naipokea kama tarehe. Zote string, hakuna anayelalamika, majibu yanakuja ya ajabu au hayaji kabisa, na mtu anaweza akahangaika siku nzima anakagua netiweki.

Dawa yake ni ndogo. Kwenye methodi unaweka @WebMethod na operationName, kwenye kila kitu unachopokea unaweka @WebParam na jina, hapo majina ya kwenye mkataba hayafuati tena ya kwenye kodi. Ukitumia ile wizadi ya NetBeans ya kuongeza operesheni inakuwekea yenyewe, shida ni kwamba watu wanazifuta wakiona zinajaza skrini, au wanaandika methodi kwa mkono wanaziruka. Msizifute jamani. Kitu ambacho wizadi haikuwekei ni targetNamespace, jina la kuitambulisha sevisi yako ndani ya WSDL, hiyo usipoiandika inatoka kwenye jina la pakeji, maana yake siku ukihamisha klasi kwenda pakeji nyingine ili projekti ipendeze umehamisha na mkataba. Iandike wewe mwenyewe kwenye @WebService siku ya kwanza.

Na mkataba sio majina tu. Methodi yetu inarudisha bei, sawa, bei ya nini? Ya gunia. Gunia lipi? Mnajua wenyewe, lumbesa imepigwa marufuku lakini watu bado wanajaza mpaka gunia linaota kichwa. Ukirudisha namba tupu, mmoja atahesabu gunia la kilo 100 na mwingine atahesabu lile alilozoea yeye, wote wanatumia sevisi moja na mmoja wao anamnyonya mkulima bila hata kujua. Mimi ningerudisha beiKwaKilo, na ningetumia namba nzima za shilingi, double, zile namba za desimali, kwenye hela sizipendi hata kidogo. Hilo hakuna IDE itakayokukumbusha, lazima uende sokoni uulize wanapimaje.

Tuje kwenye kudiploi. Ukibonyeza ran pale umediploi kwenye laptopu yako, na ukizima laptopu sevisi imezimika. Kinachoenda kwenye seva ni faili la WAR, kifurushi cha programu nzima, kwenye projekti ya Maven liko ndani ya folda ya target. Hapo kuna mtego unaowakamata wengi sana: Java EE, ile sehemu ya Java ya programu za kwenye seva, ilipohamia kwa taasisi ya Eclipse ikaitwa Jakarta EE, na toleo la 9 la mwaka 2020 likabadilisha majina ya pakeji kutoka javax kwenda jakarta. Kuna seva nyingine inaitwa Tomcat, Tomcat 9 inajua javax, Tomcat 10 inajua jakarta. Unachukua WAR ya javax unaiweka Tomcat 10, inapanda vizuri, ukifungua ni 404, yaani ukurasa haupo, na logi haikwambii kitu cha maana. Ukikwama hivyo iweke kwenye folda ya webapps-javaee, Tomcat 10 itaigeuza yenyewe. Na kumbuka Tomcat haibebi JAX-WS, hizo laibrari ufunge mwenyewe ndani ya WAR, GlassFish kamili ndo inazo.

Mtego mwingine uko upande wa klaienti. NetBeans inakutengenezea klaienti kutoka kwenye WSDL, unaipa anwani ya localhost, yaani mashine yako mwenyewe, poti 8080, inatoa klasi zote, raha mustarehe. Fungua ile klasi ya sevisi uisome: anwani ya localhost imeandikwa humo ndani. Ukimpelekea mtu wa Dar, programu yake itatafuta WSDL kwenye mashine yake mwenyewe. Weka kopi ya WSDL ndani ya klaienti na anwani halisi isomwe kwenye faili la mipangilio. Halafu saa: seva nyingi za kukodi ziko UTC, masaa matatu nyuma yetu, kwa hiyo siku mpya kwao inaanza saa tisa usiku ya kwetu. Lori linalopakia saa nane usiku likiuliza bei ya leo litapewa ya jana. Taja Africa/Dar_es_Salaam waziwazi kwenye kodi.

Kaka hapa mbele ameuliza kwa nini nahangaika na SOAP, yaani hii njia ya XML tuliyoitumia leo, wakati dunia iko REST, ile ambayo mara nyingi inatuma JSON, maandishi mepesi kuliko XML. Kwa sababu mkiajiriwa mtakutana nayo, mabenki na taasisi nyingi bado ziko huko na hakuna atakayevunja mfumo unaofanya kazi kisa wewe hupendi XML. Na ukienda REST tatizo ni lilelile, majina ya kwenye JSON yanatoka kwenye geta zako, zile methodi za kusomea fildi, badilisha jina la fildi pamoja na geta yake na umebadilisha jibu, ni mpaka uweke @JsonbProperty. Tofauti ni kwamba kule mara nyingi hata WSDL ya kusoma huna.

Swali la mwisho, dada yangu pale dirishani: kama lazima nibadilishe, nifanyeje? Unaacha ya zamani inaendelea kufanya kazi ilivyo, mpya unaipa anwani yake yenye v2, unawaandikia wanaotumia, kisha kila wiki unaangalia akses logi ya seva, rekodi ya maombi yaliyoingia, nani bado anaita ya zamani. Ukiona bado anaita hata mmoja, mpigie simu kwanza, umsikilize amekwama wapi, usizime kabla hajahama.