Seva ya Minecraft Ikifa Usiku, Nani Atakuamsha?

Ndugu zangu, karibuni. Wengi wenu mnaendesha seva ya mchezo wa Minecraft kwenye Linux, chini ya systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za mashine. Mmeandika Restart=on-failure kwenye faili la huduma, mkalala. Ni vizuri: ikianguka kwa hitilafu inawashwa tena, ukiizima mwenyewe kwa amri ya stop inaachwa. Kisha mkaongeza OnFailure, mpangilio unaoendesha kazi nyingine huduma ikishindwa, ili mpate ujumbe wa Telegram. Hapo ndipo ninapotaka tukae.

OnFailure haipigi kelele kila seva inapoanguka. Huduma yenye Restart huhesabiwa kuwa imeshindwa pale tu inapomaliza majaribio iliyoruhusiwa, na usipobadilisha kitu, kikomo ni mara 5 ndani ya sekunde 10. Sasa nambieni, seva inayochukua nusu dakika kuwaka itaangukaje mara 5 katika sekunde 10? Haitafika kamwe. Itakufa na kufufuka hadi alfajiri, kila mara ikipoteza kazi ya wachezaji ambayo haijahifadhiwa, na simu yako kimya. Huko ni kumpa mgonjwa panadoli kila saa bila kumpima malaria.

Kwa hiyo utumeni ujumbe kwa ExecStopPost, amri mnayoiandika kwenye faili lile lile la huduma. Hiyo hufanya kazi kila seva inapozimika, kwa heri au kwa shari. Amri hiyo isome SERVICE_RESULT kwanza, yaani neno la systemd linaloeleza seva imezimika vipi. Kama si success (salama), ilitume neno hilo pamoja na mistari ya mwisho ya logi, kumbukumbu ya matukio ya seva. Ukikuta oom-kill, ujue kumbukumbu (RAM) imeisha, na kuwasha upya hakutaongeza hata kidogo. Halafu pandisheni StartLimitIntervalSec, ule muda wa kuhesabu majaribio, kutoka sekunde 10 hadi dakika 10, seva mbovu ipate kusimama yenyewe.

Kuna na ile seva iliyoganda, haijafa ila haisogei. Mchezo hupiga hatua 20 kwa sekunde. Hatua moja ikizidi milisekunde 60,000, mlinzi wa ndani huiangusha seva na kuacha ripoti kwenye folda ya crash-reports. Wako wanaoweka max-tick-time, kikomo hicho cha hatua, kuwa -1 ili kumzima mlinzi wasisumbuliwe. Nawasihi, msimfukuze mlinzi huyo: bila yeye, systemd itaiona seva iliyoganda kuwa ni nzima.

Umeme ukikatika, mashine haiwezi kujisemea. Wekeni kompyuta nyingine, mahali pengine, iulize hali ya seva kwenye poti 25565, mlango wa mtandao ambao Minecraft huutumia kwa kawaida, kila dakika. Isiridhike kwa kuwa poti iko wazi. Ingoje jibu la mchezo wenyewe, na ikilikosa mara tatu mfululizo, ikuamshe.