Ile Mia Tano ya Bibi

Ndugu zangu wauguzi, masheikh, mapadri na wachungaji wenzangu, shikamooni wakubwa, na wazazi mliotoka wodini kuja kunisikiliza, poleni kwa kuuguza.

Kuna mtoto wa miaka tisa niliyemkuta na uvimbe wa taya, saratani ile ambayo daktari Denis Burkitt aliandika habari zake kutoka Kampala mwaka 1958. Alikuwa anabandua rangi ya kitanda kwa ukucha. Akaniuliza bila kuniangalia: "Baba mchungaji, ni kwa sababu nilichukua mia tano ya bibi?"

Mama yake akamkatiza: "Nyamaza mwanangu, utapona." Mimi nilikuwa nimeshafumba macho niombe. Nikayafumbua. Nikavuta stuli, nikamuuliza hiyo mia tano alinunulia nini. Kashata, akasema. Wiki zote zile, usiku taa zikizimwa, alikuwa analala na hesabu hiyo peke yake. Nikamwambia wazi: uvimbe haukutokana na ile pesa, na Mungu hajakukasirikia. Akalia sana. Kisha akataka bibi aitwe.

Watoto wagonjwa wanajua mengi kuliko tunavyodhani. Wanaona kitanda cha jirani kimetandikwa upya. Wanapouliza, tuwajibu kwa umri wao, na pale tusipojua tuseme hatujui.

Lakini maumivu kwanza! Shirika la Afya Duniani mwaka 1998 liliieleza tiba shufaa ya watoto, yaani huduma ya kuwapunguzia mateso ya ugonjwa, kuwa ni kuutunza mwili, akili na roho ya mtoto pamoja, na kuisaidia familia yake. Daktari Anne Merriman alipoanzisha hospisi, huduma ya kuwatunza wagonjwa mahututi, Uganda mwaka 1993, alianza na mofini, dawa kali ya maumivu, ya maji, ya kunywa, ya bei nafuu. Ukimkuta mtoto anasaga meno kwa maumivu, funga kitabu chako ukamwite nesi. Zaburi itasubiri.

Na wale wanaomwambia mama kwamba imani yake ndiyo haba, aache dawa: nawasihi kwa machozi, acheni. Uvimbe ule wa taya unatibika, watoto wengi wanapona wakiwahi na wakimaliza dozi.

Bibi alifika kesho yake na kashata ndani ya gazeti. Taya halikuruhusu kutafuna. Akamvunjia kipande kidogo, akamwekea ulimini, wakakaa kimya wote wawili mpaka kikayeyuka.